Uhakiki wa Karatasi Mbili za Mkopo

Katika vyuo vyetu vya ualimu tulifundisha uhakiki wa riwaya, tamthiliya na ushairi, na mwanachuo aliyemaliza miaka yake miwili alitoka akiwa na uwezo wa kuchambua fani na maudhui hata usingizini. Lakini hatukumfundisha kuhakiki maandishi ambayo yangemfuata maisha yake yote ya kazi, nayo ni karatasi ya mkopo. Riwaya mbaya hukupotezea jioni moja tu. Karatasi ya mkopo iliyosomwa vibaya huweza kukupotezea miaka sita ya mshahara, na bado watu huisoma wakiwa wamesimama, kalamu mkononi, wakitafuta mahali pa kutia sahihi. Kwa sababu hiyo nimeona si vibaya nikitumia kurasa hizi chache kuhakiki karatasi mbili kwa namna ile ile niliyozoea kuhakiki tamthiliya darasani.

Karatasi zenyewe hazikutoka Mtwara. Zililetwa kwenye simu yangu kwa picha na binti wa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni muuguzi huko Minneapolis, Marekani. Ananiita Babu, kwa kuwa baba yake alizoea kuniita Baba tangu siku za chuo. Ana deni la dola 4,000 katika kadi ya mkopo, lililotokana na nauli ya kuja kumzika bibi yake Mikindani pamoja na gharama za matanga. (Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Huyu amekopa matanga, na siku ya kulipa sijui tutaiita nini.) Katika juma moja kampuni mbili zilimwandikia. Ya kwanza ilimwambia: hamishia deni lako kwetu, hatutakutoza riba kwa miezi 15. Ya pili ilimwambia: chukua kadi yetu, na kila ununuapo kitu tutakurudishia sehemu ya fedha yako kama zawadi. Swali lake lilikuwa fupi: "Babu, nichukue ipi?"

Kwa msomaji ambaye hajapata kuishika kadi ya namna hiyo, nieleze kidogo. Kadi nyingi tulizo nazo hapa kwetu hutoa fedha ambayo tayari ni yako. Ukiwa na shilingi elfu kumi na mbili katika akaunti, mashine haikupi elfu kumi na tatu hata uisihi vipi. Kadi ya mkopo hutoa fedha ya kampuni. Mwisho wa mwezi unaletewa hesabu. Ukilipa yote, hutozwi riba. Ukilipa kidogo, kilichobaki kinaanza kuzaa, na kinazaa kwa kasi, maana riba ya asilimia 20 na zaidi kwa mwaka ni jambo la kawaida Marekani. Biashara hii ilichukua umbo lake Septemba 1958, Bank of America ilipowapelekea kadi watu wapatao 60,000 wa mji wa Fresno, California, bila wenyewe kuziomba. Zawadi zilifuata baadaye sana: mwaka 1986 kadi ya Discover ilianza kumrudishia mnunuzi sehemu ndogo ya fedha yake, na mwaka 1987 Citibank na shirika la ndege la American Airlines wakatoa kadi ya kukusanya maili za safari. Mtindo wa kuhamisha deni toka kadi moja hadi nyingine kwa riba ya kuvutia ulienea mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo hizi ni tanzu mbili changa, na kama ilivyo kwa tanzu changa, zina wasomaji wengi na wahakiki wachache.

Nianze na karatasi ya zawadi, kwa kuwa ndiyo nzuri kwa macho.

Kwa upande wa fani, mwandishi wake ni hodari. Rangi ni ya dhahabu, na kuna picha ya familia ufukoni, ufuko mweupe kama ule wa Msimbati ila hauna mwani wala watoto wauza pweza. Nafsi inayotumika ni ya pili umoja: wewe, wewe, wewe, katika kila mstari. Vitenzi ni vya furaha: pata, jipatie, furahia, stahili. Nilipoisoma mara ya tatu ndipo nilipogundua kasoro yake kubwa, kwamba katika ukurasa mzima wa mbele neno deni halimo. Riba imo, lakini imewekwa nyuma, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mhusika mkuu ni wewe, mhusika msaidizi ni kampuni, na mpinzani hayupo. Sasa, nilikuwa nikiwaambia wanachuo wangu kwamba pale usipoona mgogoro usidhani haupo. Utafute, maana kuna mtu aliyeuficha. Tamthiliya ambayo kila mtu anapata na hakuna anayetoa ni tamthiliya iliyokatwa kurasa.

Kurasa zilizokatwa ni hizi. Kila kadi inapopita dukani, mwenye duka hukatwa na benki asilimia fulani ya mauzo, kwa kawaida kati ya 1 na 3 huko Marekani. Yeye si mjinga. Anaiingiza katika bei. Kwa hiyo hata bibi kizee anayelipa kwa noti zilizokunjwa analipia zawadi ya mwenye kadi aliye nyuma yake kwenye foleni. Mwaka 2010 watafiti wa Benki Kuu ya tawi la Boston walilipigia hesabu jambo hili. Walikadiria kwamba kwa wastani kila kaya inayolipa taslimu huwapa wenye kadi dola 149 kwa mwaka, na kila kaya inayotumia kadi hupokea dola 1,133. Huyo ni mlipaji wa kwanza. Wa pili ni yule mwenye kadi asiyemaliza deni lake mwisho wa mwezi, ambaye riba yake ndiyo inayowasha taa za jengo zima. Zawadi ya mmoja ni riba ya mwenziwe.

Na hapa nina ugomvi na neno lenyewe. Kwetu pwani zawadi ina adabu zake. Mtu akirudi safari, awe ametoka Lindi au Muscat, huja na kitu mkononi, na kitu hicho hakiombwi wala hakipimwi kwa kiasi ulichotumia wakati yeye hayupo. Fedha iliyotoka mfukoni mwako, ikazunguka, ikarudi pungufu, hatuiiti zawadi. Pale Soko Kuu wanaiita chenji.

Tuje kwenye hesabu za binti. Deni la dola 4,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka humgharimu takriban dola 80 kwa mwezi wa kwanza. Kadi ya zawadi inamwahidi asilimia moja na nusu ya manunuzi. Kwa mtu anayetumia dola 1,000 kwa mwezi, hiyo ni dola 15. Mkono wa kulia unapewa 15 na wa kushoto unanyang'anywa 80. Ili zawadi ifikie riba ingembidi atumie zaidi ya dola 5,300 kila mwezi, na mtu mwenye uwezo huo asingekopa nauli ya mazishi. Aliponiambia kwamba kampuni ile inampa pia dola 200 papo hapo akinunua vitu vya dola 500 katika miezi mitatu ya mwanzo, nilimuuliza kama kuna vitu vya dola 500 ambavyo alikuwa amepanga kuvinunua kabla ya kuletewa barua hiyo. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka.

Lazima nitende haki, kwani mhakiki asiyetenda haki ni msengenyaji. Yupo mtu ambaye karatasi ya zawadi inamfaa. Ni yule anayelipa hesabu yote kila mwezi bila kubakiza hata senti, anayenunua alichokuwa anunue vyovyote vile. Huyo anapata kweli, na simlaumu. Lakini karatasi haikuandikwa kwa ajili yake. Kampuni isingeishi mwaka mmoja kama wateja wote wangekuwa yeye. Imeandikwa kwa ajili ya yule anayedhani ndiye yeye.

Karatasi ya kwanza, ya kuhamisha deni, ni mbaya kwa sura. Haina ufuko. Ina jedwali, asilimia, na tarehe. Lakini neno deni limo katika mstari wa kwanza kabisa, tena kwa herufi kubwa, na kwa hilo peke yake niliiheshimu. Mwandishi wake anamjua msomaji wake kwa jina: wewe ni mtu unayedaiwa, na mimi nina shauri. Hayo ni mazungumzo ya watu wazima. Uzito wa karatasi hii uko penye neno linalofuata, yaani sifuri. Riba sifuri. Na ili kulielewa neno hilo nimerudi kwenye kitabu nilichokifundisha miaka mingi.

Waliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthiliya ya Shakespeare iliyochapishwa mwaka 1969, hukumbuka ratili ya nyama na hukumu ya Portia. Wachache hukumbuka kwamba mkopo ule haukuwa na riba. Hebu usome tena tendo la kwanza. Antonio na rafikiye Bassanio wanahitaji dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Shylock, ambaye maisha yake yote ameishi kwa riba na kutukanwa kwa ajili ya riba, siku hiyo anasema hataki riba kabisa. Anatoa kwa wema. Lile sharti la nyama analitaja mwishoni, kama mzaha. Na Antonio, mfanyabiashara mzima mwenye merikebu baharini, anatia sahihi akimsifu mkopeshaji kwa hisani yake! Shakespeare aliandika karatasi ya riba sifuri karne nne kabla ya kampuni za kadi, na akaiandika kwa mpangilio ule ule: kwanza muda, kisha sifuri, kisha, kwa sauti ya chini, litakalotokea siku ya mwisho ikipita.

(Tamthiliya hiyo ina doa lake, wala sipendi kulipita kimya. Inamcheka mkopeshaji kwa Uyahudi wake, kana kwamba Wakristo wa Venisi hawakuwa wakihesabu fedha usiku na mchana. Naona Mwalimu alilijua hilo. Jina la Kiingereza linataja mfanyabiashara mmoja. Yeye aliweka wingi, mabepari, na kwa herufi mbili za mwanzo akawapandisha wote kizimbani.)

Sisemi kwamba kampuni ya Marekani inataka nyama ya mtu. Sheria ya mwaka 2009 ya huko imezibana: nafuu ya mwanzo lazima idumu angalau miezi sita, na haiwezi kuondolewa kwenye deni lile mpaka mteja achelewe kulipa kwa siku 60. Ninachosema ni kwamba sifuri si hisani. Ni mlango wenye saa juu yake. Kampuni inakuruhusu upite bure kwa sababu inafahamu, kwa uzoefu wa watu wengi, kwamba wengi hawatakuwa wametoka upande wa pili saa itakapogonga.

Yupo pia Bassanio, ambaye kwangu mimi ndiye mhusika anayestahili kusomwa na kila mtumishi wa serikali. Anadaiwa tayari, na amekuja kukopa tena kwa mtu yule yule anayemdai. Hoja yake ni ya kitoto na yeye mwenyewe anakiri kuwa ni ya kitoto: utotoni, akipoteza mshale, alikuwa akirusha wa pili upande ule ule, na kwa kuuangalia vizuri akaipata yote miwili. Nilikuwa nikiwauliza wanachuo, je, hoja hii ni sahihi? Nusu ya darasa ilisema ndiyo, kwa sababu mwishoni alifanikiwa. Ni kweli, alifanikiwa. Alimwoa Portia wa Belmont, tajiri kupindukia, na deni lote likawa mchezo. Mwalimu wa Ligula au Chuno ambaye hana Portia afanye nini na mshale wa pili? (Na visanduku vyenyewe vya Belmont vilikuwa vitatu, cha dhahabu, cha fedha na cha risasi. Kampuni za kadi nazo zina kadi za dhahabu na za fedha. Ya risasi sijapata kuisikia.)

Basi, binti ahame au asihame? Hesabu inasema ahame, kwa sharti. Ada ya kuhamisha ni asilimia 3, yaani dola 120, hivyo deni linakuwa dola 4,120. Likigawanywa kwa miezi 15, anatakiwa kulipa dola 275 kila mwezi, naye amesema anaziweza. Kiasi hicho hicho akikilipa kwenye kadi yake ya zamani kwa riba ya asilimia 24, atamaliza baada ya miezi 17 na zaidi, na riba itakuwa kiasi cha dola 770. Anaokoa kama dola 650, ambayo si haba. Lakini akilipa dola 100 tu kwa mwezi, kama karatasi inavyomruhusu, siku ya mwisho ya mwezi wa 15 atabaki na dola 2,620, na riba inarudi ikiwa imepumzika vizuri. Tena asinunue chochote kwa kadi mpya, maana manunuzi mapya aghalabu hayamo ndani ya msamaha; na kadi ya zamani, ambayo sasa inasoma sifuri na kumkonyeza, aifungie. Hapo ndipo watu wengi wanapoangukia. Wanahamisha deni moja, na baada ya mwaka wanayo mawili.

Neno kuhamisha linawafaa sana walimu, kwa kuwa uhamisho tunaujua. Mwalimu akihamishwa toka Nanyamba kwenda Tandahimba, ni mwalimu yule yule, na watoto wale wale, na kikohozi kile kile. Deni lililohamishwa halijapungua. Limebadilishiwa kituo cha kazi. Lugha yetu ina neno la zamani zaidi kwa jambo hili, hawala, ambalo tulilipokea toka Kiarabu na ambalo wafanyabiashara wa pwani walilitumia kwa karatasi ya kumlipisha mtu mwingine fedha unayodaiwa wewe. Siku hizi limerudi kwa mlango wa nyuma: mpango wa TASAF wa kuzisaidia kaya masikini unaitwa uhawilishaji fedha. Kutoka kuhawilisha deni mpaka kuhawilisha ruzuku ni safari ndefu kwa neno moja. Na kukopa kwenyewe, katika kamusi za zamani, kulikuwa na maana mbili, kuazima na kulaghai. Kamusi hazikusema ni nani anayemlaghai nani.

Msomaji wa Mtwara ataniambia kwamba mambo ya Minneapolis hayamhusu. Yanamhusu. Karatasi hizi mbili zipo hapa, zimebadilisha mavazi tu. Ile ya zawadi imeingia katika simu, kwa pointi na dakika za bure kwa atumiaye zaidi, na pembeni yake huduma ya kukujazia fedha pale salio lisipotosha. Majirani zetu Kenya waliianza yao Januari 2019 na kuiita Fuliza, yaani endelea bila kukoma, na hapa kwetu tunayo Songesha. Hayo majina nayasifu kwa dhati. Ni mara chache tangazo likasema kweli namna hiyo katika neno moja.

Ile ya kuhamisha deni kwetu inaitwa kununua mkopo. Benki inamfuata mtumishi mwenye mkopo benki nyingine, inamlipia, na kuanza kumkata yenyewe kwa riba ndogo zaidi. Tuchukulie mwalimu amebakiza deni la sh. 6,000,000 kwa riba ya asilimia 17, na miezi 30 ya kulipa. Makato yake ni kama sh. 247,000 kwa mwezi. Anakuja afisa mwenye tai, anamwambia: sisi riba yetu ni asilimia 14, na makato yako yatashuka hadi sh. 124,000. Nusu! Nani atakataa? Lakini geuza karatasi. Muda umekuwa miezi 72. Kwa mkopo wa zamani alikuwa amebakiza kulipa jumla ya sh. 7,407,000, kwa huu mpya atalipa sh. 8,902,000 hivi, mbali ya ada na bima. Riba imeshuka, makato yameshuka, na mtu amelipa karibu milioni moja na nusu zaidi. Angeomba riba ile ile ya 14 kwa miezi ile ile 30, angekatwa sh. 238,000 na kuokoa kama sh. 260,000. Tofauti yote hiyo imekaa katika neno moja la karatasi, nalo ni muda, ambalo afisa hakulitamka. Mara nyingi pia hutiwa nyongeza juu yake, milioni mbili tatu za mkononi, na nyongeza ndiyo inayofanya mkono utie sahihi. Ndiyo zawadi yetu ya kienyeji. Karatasi mbili za binti zimeunganishwa kuwa moja.

Hayo ni ya benki, na benki zina sheria. Chini yake kuna mikopo ambayo wananchi wameipa jina lisilohitaji uhakiki, kausha damu. Wakopeshaji wadogo waliosajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 wamewekewa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Lakini yule wa mtaani hana programu wala kibali. Ana saraka ya meza, na ndani yake kuna kadi za benki za walimu, kila moja imefungwa kwa mpira na kijikaratasi chenye namba ya siri. Mshahara ukiingia, yeye ndiye wa kwanza kwenye mashine. Kadi ambayo Marekani ni ya kukopea, kwetu imekuwa rehani.

Wakulima wa korosho waliitambua tamthiliya hii kabla ya walimu. Kangomba, lile bakuli la kupimia korosho, limekuwa jina la biashara nzima ya kumpa mtu fedha au unga wakati wa njaa na kuja kuchukua korosho zake kwa bei ya kutupa msimu ukifika. Mwaka 2018, serikali iliponunua korosho yenyewe kwa sh. 3,300 kwa kilo, vikundi vilizunguka vijijini kuwatambua wenye kangomba, na kazi hiyo iliitwa uhakiki. Wazee wenzangu wa fasihi walikereka, neno letu kupelekwa maghalani. Mimi sikukereka. Swali la vikundi vile lilikuwa swali zuri kuliko mengi tuliyowatungia watahiniwa: huyu aliyeleta magunia mia moja, mikorosho yake iko wapi? Ndilo swali ninaloiuliza karatasi ya zawadi.

Kijana mmoja anayefundisha shule ya msingi upande wa Kilambo alinijia mwaka jana. Kadi yake ilikuwa katika saraka ya namna niliyoieleza kwa miezi tisa, kwa deni lililoanzia sh. 300,000 za kumlaza mtoto hospitali. Alikuwa akienda kwa mkopeshaji kila mwisho wa mwezi kupokea kilichobaki katika mshahara wake mwenyewe, na kusema asante. Benki moja imempa karatasi ya mkopo ambao ungelipa deni lile na kuirudisha kadi. "Mwalimu," akaniambia, "wenzangu wanasema huku ni kuhama kutoka shimo moja kwenda jingine."

Wenzake hawakukosea, lakini mashimo hayalingani kina. Mtu anayekatwa asilimia 20 kwa mwezi akihamia asilimia 17 kwa mwaka amepanda, hajashuka. Kwake yeye ningeipigia kura karatasi ya kuhamisha bila kusita, kwa masharti ambayo tuliyapitia pamoja: benki imlipe mkopeshaji moja kwa moja, mbele ya shahidi, kadi irudi siku hiyo hiyo na namba ya siri ibadilishwe kabla ya jua kuzama, nyongeza aikatae, hata kama paa la nyumba linavuja. Alikubali yote isipokuwa la paa, tukabishana hapo mpaka alasiri ikaadhiniwa. Mwishowe akaniachia niisome karatasi yenyewe. Kiasi kiliandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Riba ilikuwapo. Penye muda wa kulipa palikuwa na mstari mtupu, na juu yake afisa ameweka alama ndogo ya kuonyesha pa kutia sahihi.

Nilichukua kalamu nyekundu, ambayo mke wangu hudai nitazikwa nayo, nikaandika pembeni, kama nilivyoandika pembeni mwa insha elfu kadhaa: Miezi mingapi? Akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati, akaondoka nayo kuwahi gari la kwenda mjini.